Fuga Inayosubiriwa Jikoni: Hotuba Juu ya Sergei Taneyev

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu wa kwaya, wapiga vinanda, na ninyi wanakwaya mliokubali kuyaacha mazoezi ya leo jioni mje kumsikiliza mtu akiongea: shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo.

Naanzia jikoni. Tuko Moscow, mwishoni mwa miaka ya 1880. Ndani ya nyumba kuna kijana mrefu, mpiga piano hodari ambaye kila mtu anajua atafika mbali, ila kazi za nyumbani za kontrapointi hataki kuzisikia. Mlango wa nyuma unagongwa. Ni mpishi wa mwalimu wake. Mkononi ana kipande cha karatasi ya nota, na juu yake mwalimu ameandika wimbo mfupi ambao kijana anatakiwa kuutungia fuga, yaani utunzi ambamo sauti zinaingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule. Mpishi ameagizwa asirudi mikono mitupu. Basi anakaa jikoni, anasubiri. Watumishi wa nyumba wana kazi zao, na mgeni amewajazia nafasi. Mwishowe wanamwendea kijana kumsihi: tafadhali bwana mdogo, andika hicho kitu unachotakiwa kuandika, huyu mama aende zake.

Kijana akaandika.

Jina lake Sergei Rachmaninoff, na ni yeye mwenyewe aliyekuja kukisimulia kisa hiki ukubwani. Mwenzake darasani, mvivu vilevile, alikuwa Alexander Scriabin, naye alipelekewa karatasi kwa njia hiyohiyo. Rachmaninoff alisema hawezi kumsemea Scriabin, lakini kwake yeye dawa iliingia.

Mwenyekiti aliponipigia simu kuniomba nizungumzie mtunzi wa Kirusi, nadhani alitegemea Tchaikovsky, au huyo Rachmaninoff. Mimi nimemchagua aliyemtuma mpishi: Sergei Ivanovich Taneyev, mwanafunzi wa wa kwanza na mwalimu wa wa pili. Ukimtoa yeye katikati, mnyororo unakatika. Hata hivyo humu ndani sidhani kama wapo watano waliowahi kulisikia jina lake, na sisemi hivyo kwa kuwalaumu.

Alizaliwa mwaka 1856 katika mji wa Vladimir, mashariki ya Moscow. Mwaka 1866 chuo cha muziki cha Moscow kilipofunguliwa, Taneyev alikuwa hajatimiza hata miaka kumi, na akaingia. Alisoma piano kwa Nikolai Rubinstein, mwanzilishi wa chuo, na utunzi kwa Tchaikovsky. Mwaka 1875 akamaliza na medali ya dhahabu kwa utunzi na kwa upigaji piano pia, jambo ambalo chuo kile kilikuwa hakijawahi kuliona. Mwishoni mwa mwaka huohuo, akiwa na miaka 19, akaketi mbele ya watu wa Moscow kupiga konseto ya kwanza ya piano ya Tchaikovsky, ambayo Moscow ilikuwa haijapata kuisikia, Rubinstein akiongoza okestra. Tangu hapo Tchaikovsky akawa anampa Taneyev kazi zake za piano kana kwamba anampa ufunguo wa nyumba.

Mwaka 1878 Tchaikovsky alipoacha kufundisha, nafasi yake ikachukuliwa na Taneyev. Kuanzia 1885 hadi 1889 alikuwa mkuu wa chuo. Akauacha ukuu, akabaki na darasa la kontrapointi. Wapo watu wanaolilia cheo kama mtoto anavyolilia ziwa. Huyu alikirudisha ili apate muda wa kuandika kitabu.

Na hapa lazima tukae kidogo, maana bila kitabu hiki Taneyev anabaki mpiga piano mzuri aliyekuwa na wanafunzi wenye bahati.

Kontrapointi ni ufundi wa kuzifanya sauti mbili au zaidi ziende kila moja na wimbo wake, na bado zipatane. Angalieni tenzi zetu nyingi: soprano anabeba wimbo, wale watatu wanambeba soprano. Hiyo si kontrapointi. Kwenye taarabu fidla na ala ya kanuni zinafuata wimbo uleule, kila moja ikiutia nakshi zake. Hilo nalo ni tamu, lakini ni jambo jingine. Kontrapointi ni pale ambapo ukimtoa teno peke yake nje ya ukumbi akaimba sehemu yake, mpita njia atasimama na kusema huyu anaimba wimbo. Kisha unamtoa besi, na yule mpita njia anasema vilevile.

Ugumu wake tunaujua wote. Kuna mwaka nilijaribu fuga na kwaya yangu. Besi waliingia vizuri, teno wakaingia vizuri, alto walipoingia teno wakasahau kwao na kuwafuata alto. Mpaka soprano wanafika, watu wote wako ndani ya chumba kimoja. Tulicheka, tukarudi kwenye tenzi.

Sasa, hoja ya Taneyev ni hii. Kuna mchezo ambao watunzi wa Ulaya wa karne ya 15 na 16 waliucheza kwa ustadi mkubwa: unatunga sauti mbili zinazopatana, halafu unazihamisha. Ya chini inapanda juu, ya juu inashuka, au mojawapo inachelewa kuingia, na bado zinapatana. Walimu walikuwa na kanuni nyingi za kukariri: hii ukiigeuza inaharibika, ile haiharibiki, isipokuwa pale, ila kama hivi. Taneyev akasema kanuni hizi zote si lundo. Ni hesabu, na hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa.

Wenye penseli chukueni penseli, tutumie solfa yetu, ile ya do, re, mi. Mwimbaji wa chini ana d, wa juu ana m. Sisi tunaita nafasi hiyo "tatu", kwa sababu tunahesabu d, r, m. Taneyev anaiita mbili, kwa kuwa anahesabu hatua unazopiga, si ngazi unazokanyaga. Kutoka d hadi m unapiga hatua mbili. Waimbaji wawili wakikutana kwenye d ileile, hakuna hatua: sifuri. Oktava, kutoka d hadi d ya juu, ni saba. Badiliko dogo tu hilo, la kuanza kuhesabu na sifuri badala ya moja, na ghafla nafasi za muziki zinakubali kujumlishwa.

Mwambieni mwimbaji wa chini apande oktava nzima, apite juu ya mwenzake. Toeni saba. Mbili kutoa saba ni hasi tano. Ile alama ya hasi inakwambia sauti zimepishana, aliyekuwa chini sasa yuko juu. Ile tano inakwambia kati yao zipo hatua tano, yaani "sita" yetu, kutoka m hadi d ya juu. Inapendeza sikioni. Fanyeni vilevile kwa d na s. Hizo ni hatua nne. Nne kutoa saba ni hasi tatu, yaani "nne" yetu, s hadi d ya juu. Katika mtindo wa masharti, ule wa akina Palestrina, mtunzi wa Italia wa karne ya 16, hiyo "nne" kati ya sauti mbili inahesabiwa kwamba inakwaruza. Kwa hiyo kabla hujaandika nota hata moja unajua tayari: kama nataka sauti hizi zigeuzwe kwa oktava, nafasi ya d na s niitumie kwa tahadhari ileile ninayotumia kwa sauti zinazokwaruzana. Hukukariri chochote. Umetoa saba.

Kitabu kizima ni hicho, kikipanuliwa mpaka sauti tatu, mpaka mihamo ya kila namna, juu na chini, mbele na nyuma. Alianza kukiandika 1889, akakimaliza 1906, kikachapishwa 1909. Mwanzoni aliweka maneno ya Leonardo da Vinci, kwamba hakuna uchunguzi wa binadamu unaostahili kuitwa elimu ya kweli kama haukupitia kwenye uthibitisho wa hesabu. Sehemu iliyofuata, juu ya kanoni, yaani sauti moja kuiga nyingine nota kwa nota kwa kuchelewa, ilibaki kwenye karatasi zake na ikatolewa 1929, miaka 14 baada ya kufa kwake.

Watu wa Moscow waliposikia habari hizi walisema wanachosema watu kila mahali: huyu mkavu, anatunga kwa kichwa. Tchaikovsky alimtania kwa kumwita Bach wa mtaa wa zimamoto, kwa sababu aliishi karibu na kituo cha zimamoto. Mtunzi mwingine wa Kirusi, Rimsky-Korsakov, aliandika katika kumbukumbu zake jinsi Taneyev alivyotayarisha utunzi: kabla hajagusa kazi yenyewe anachukua kila wimbo atakaoutumia, anauandikia fuga, kanoni, mafumano ya kila aina, daftari zinajaa, na hapo ndipo anaanza kupanga kazi, akiwa anajua kila wimbo wake unaweza kufanya nini na hauwezi kufanya nini. Wengine walilisoma hilo kama ushahidi wa ukavu. Mimi namwona fundi seremala anayezigongagonga mbao zote na kuzisikiliza kabla hajazikata.

Nakubali, lakini, kwamba zipo kazi zake ambazo hesabu inaonekana kama mifupa ya samaki mkavu. Baadhi ya kwarteti za nyuzi ninazisikiliza kwa heshima kuliko kwa raha. Opera yake pekee, Oresteia, aliyoichukua kutoka kwa Mgiriki Aeschylus na kuifanyia kazi tangu 1887 hadi 1894, ilionyeshwa St. Petersburg mwaka 1895, na wakubwa wa jumba wakataka kuikata ipungue. Akakataa. Ikaondolewa jukwaani. Simfonia ya nne na kwinteti ya piano ya 1911 ni habari nyingine kabisa. Hizo zina moto, na atakayeniambia zimetungwa na mtu mkavu nitamwomba arudie kuzisikiliza.

Ukali wake ulikuwa wa namna moja kwa mkubwa na kwa mdogo. Tchaikovsky alipomaliza simfonia ya nne, Taneyev alimwandikia kuwa kuna sehemu zinamkumbusha muziki wa baleti, na kwamba hilo limemkera. Hebu fikirieni, unamwandikia hivyo mwalimu wako, na mwalimu mwenyewe ni Tchaikovsky! Tchaikovsky alijibu kwa kirefu, akajitetea, na urafiki haukutetereka. Mwanafunzi mwingine wa Taneyev, Leonid Sabaneyev, amesimulia kwamba safari nyingine, juu ya simfonia ya tano, Tchaikovsky alikata tamaa kwa maneno ya Taneyev hata akachukua penseli nyekundu na kuandika kwenye ukurasa wa nota kuwa ni takataka tupu. Leo simfonia hiyo inapigwa dunia nzima, kwa hiyo mkosoaji naye hukosea. Lakini Tchaikovsky aliendelea kumpelekea kazi zake mpaka mwisho. Na alipofariki 1893 akaacha kazi za piano na okestra ambazo hazijakamilika, aliyezikamilisha ni huyuhuyu mkosoaji.

Sasa kisa cha mtoto. Mwaka 1902 mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka kumi na moja, aliyekuwa ametunga simfonia. Taneyev akaisikiliza, akasema vizuri sana, ila kodi zake, yaani nota zinazolia pamoja, bado nyepesi kidogo: mara nyingi ni ya kwanza, ya nne na ya tano, akacheka. (Naona na ninyi mnacheka. Tunajuana.) Mtoto alikuwa Sergei Prokofiev. Kicheko kile kilimkaa rohoni, akaenda nyumbani akaanza kutafuta kodi zisizo nyepesi. Miaka kama minane baadaye akamrudia mwalimu na muziki wake mpya, na Taneyev akanung'unika kwamba nota za uongo zimezidi. Prokofiev akamkumbusha yale ya kodi tatu. Mzee akashika kichwa: kumbe ni mimi niliyekusukuma kwenye utelezi huu!

Kwa masomo ya faragha hakuwahi kutoza pesa. Waliomjia nyumbani waliingia bure, na aliyekuwa na kipaji alikatwakatwa bure. Hakuoa. Aliishi katika nyumba ndogo ya Moscow na yaya wake, Pelageya Chizhova, aliyemlea tangu utoto na kumtunza mpaka yaya mwenyewe alipofariki mwaka 1910. Alijifunza Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, na sehemu ya shajara yake ameiandika kwa lugha hiyo.

Kiangazi cha 1895 na cha 1896 alikaa Yasnaya Polyana, kwenye shamba la mwandishi Leo Tolstoy. Walicheza sataranji, na jioni Taneyev alipiga piano. Mke wa Tolstoy, Sofia, alikuwa amefiwa na mtoto wake wa mwisho miezi michache tu kabla, na ule muziki ukawa ndio kitu pekee kilichomshika. Akampenda mpigaji. Mume akaona wivu, nyumba ikawaka moto wa chini kwa chini, na mwenye kupendwa hakung'amua lolote. Yeye alidhani wanapenda muziki.

Kuna upande wake wa utafiti ambao haujulikani sana. Mwaka 1885 alipanda milima ya Kaukasi pamoja na msomi wa mila na sheria, Maxim Kovalevsky, akawasikiliza watu wa milimani, wale Wabalkari tunaowaita leo, akaziandika nyimbo na ngoma zao kwa nota na kuchapisha makala juu ya muziki wao mwaka uliofuata. Kumbukeni huyu ndiye mtu wa Palestrina na hesabu. Ila kwake hayo hayakupingana. Aliamini kwamba hata wale mabingwa wa kale wa Ulaya walianzia kwenye nyimbo za watu wao, wakazifikiria kwa miaka mingi mpaka zikazaa fuga, na kwamba Mrusi anayetaka kujenga cha kwake sharti aifanye kazi hiyohiyo ya kufikiri juu ya wimbo wa kwao, asikope paa tu na kulibandika. Hilo ningependa vijana mnaotunga mlisikie mara mbili, lakini saa haziruhusu.

Mwaka 1905 ulikuwa mwaka wa misukosuko Urusi yote, na chuo cha muziki hakikupona. Taneyev aligombana na mkuu wa chuo, Vasily Safonov, kwa jinsi alivyotawala, na akasimama upande wa wanafunzi. Akajiuzulu. Walimu na wanafunzi walimsihi arudi, hakurudi. Mwaka uliofuata, pamoja na wenzake, wakaanzisha Konservatori ya Watu, mahali ambapo mfanyakazi aliyetoka kazini angeweza kujifunza kuimba na kusoma nota. Mwaka 1909, mwaka uleule wa kitabu, akatoa tungo 12 za kwaya bila ala juu ya mashairi ya Yakov Polonsky, na akaziweka wakfu kwa kwaya ya wafanyakazi waliokuwa wakisoma jioni. Tungo zenyewe ni ngumu kupindukia. Hakuwapunguzia. Nimeziangalia nota zake, na mahali fulani nilijiuliza kama wale mafundi na wachapaji walimchukia au walimpenda.

Aprili 1915 Scriabin alifariki ghafla, kijipu mdomoni kilichotia sumu damuni, akiwa na miaka 43. Mwalimu alimfuata mwanafunzi mpaka kaburini, siku ya baridi na mvua. Alirudi na mafua, yakageuka homa ya mapafu, moyo ukaelemewa. Alikufa Juni mwaka huohuo huko Dyutkovo, kijiji kilicho karibu na Zvenigorod, alikozoea kupumzika kiangazi. Rachmaninoff akaandika gazetini kwamba Taneyev kwa mfano wake aliwafundisha namna ya kuishi, kufikiri, kufanya kazi, hata namna ya kuongea. Kitu kimoja hakukitaja hapo: yule mpishi.

Nimebakiza kitu kimoja, na ndicho kilichonifanya nimchague.

Mwaka 1881 Nikolai Rubinstein alifariki. Taneyev alichukua muda. Mwaka 1884, akiwa na miaka 27, akatoa kantata, yaani utunzi wa kwaya na okestra, ya kumkumbuka, juu ya maneno ya shairi la Aleksey Tolstoy kuhusu Yohana wa Dameski, akaiita kazi yake namba moja. Tungo zote za nyuma hakuzihesabu. Ndani yake ameuchukua wimbo wa kale wa mazishi wa Kanisa la Kiorthodoksi, ule wa kumwombea marehemu apumzike pamoja na watakatifu. Unaanza kwenye okestra, chini, kama watu wanaonong'ona msibani. Halafu kwaya inaingia na maneno ya mtu anayekwenda njia asiyoijua. Sehemu ya tatu ni fuga kubwa, siku ya parapanda, na hapo hesabu zake zote ziko kazini lakini hutazikumbuka, kwa sababu utakuwa umeshika kiti. Kisha fuga inazimika, okestra inanyamaza, na waimbaji peke yao, kwa sauti ndogo kuliko zote, wanaomba mja aliyelala apokelewe.

Katikati ndiko kuna sehemu ya pili. Ni fupi, ala karibu zote zimekaa kimya, sauti nne tu kama ninyi mlivyoketi hapa. Soprano, msijisikilize, msikilizeni besi. Teno, nawaomba kwa leo msiwafuate alto.

Ndugu yangu wa mitambo, tafadhali.